Mahandaki ya Wachaga

Mahandaki ya Wachaga ni njia na vyumba vya chini ya ardhi vilivyochimbwa kwa mkono kwenye miteremko ya Mlima Kilimanjaro, katika maeneo kama Marangu na Mamba, chini ya kilele cha Mawenzi (mita 5,149). Yalikuwa maficho, hasa katika karne ya 19, Wamasai walipovamia kutafuta ng'ombe au Mangi (chifu wa Wachaga) mmoja alipomshambulia mwenzake.

Mlango ulifanywa mwembamba makusudi. Aliyeingia alitambaa, kichwa kikitangulia, na mlinzi alimngojea gizani; mvamizi hakuwa na nafasi hata ya kuinua mkuki. Ndani mlikuwa na vyumba vya familia, mahali pa mifugo, meko na matundu ya hewa. Kazi ngumu, pengine kuliko kuchimba, ilikuwa kuficha udongo: wenyeji husimulia kwamba ulimwagwa mtoni usije ukawa dalili kwa adui.

Si wote waliojichimbia. Mangi Horombo wa Keni na Mangi Sina wa Kibosho walijenga ngome za mawe. Ya Sina ilitekwa na Wajerumani chini ya Hermann von Wissmann mwaka 1891.

Siku hizi watalii huongozwa ndani ya baadhi ya mahandaki haya huko Mamba na Marangu, wakiwa wameinama.