Nyumba Zilizobeba Misheni

Ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, upande wa Nyali, kuna kaburi la mwanamke aliyeishi pwani yetu miezi michache tu. Jina lake Rosine Krapf, kwao Basel, Uswisi. Alifika Mombasa mwaka 1844 akiwa mjamzito, pamoja na mumewe Johann Ludwig Krapf, Mjerumani aliyetumwa na CMS, jumuiya ya misheni ya Kanisa la Uingereza. Tarehe 6 Julai alijifungua mtoto wa kike. Homa ilikuwa imekwisha kumwangusha mume, ikamwangusha na yeye. Tarehe 13 akafariki. Mtoto naye hakukaa, akamfuata mamaye siku chache baadaye.

Haikuwa mara ya kwanza kwa Rosine kuzaa na kuzika. Alikuwa ameolewa na Krapf huko Misri mwaka 1842, na walipokuwa wakitafuta njia ya kuingia Uhabeshi alijifungulia nyikani. Binti yule pia hakuishi. Walimzika kando ya njia, wakaendelea na safari.

Sisi Waanglikana wa pwani tumelelewa na habari za Krapf. Tangu shule ya Jumapili tunajua kwamba Sayyid Said wa Unguja alimpa barua ya kumtambulisha kwa maliwali wake, kwamba alianza kutafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili mwaka huohuo wa 1844, na kwamba kamusi yake kubwa ilichapishwa mwaka 1882, baada ya kufa kwake. Rosine hutajwa kwa pumzi moja: mkewe alikufa, yeye hakukata tamaa. Mahubiri husonga mbele, na mimi kila mara hubaki nyuma na huyo mke.

Nina sababu. Mimi ni mzaliwa wa Kisauni, si mbali na Kengeleni, ilipo kengele ya makazi ya misheni ya Frere Town. Marehemu mume wangu alikuwa muuguzi na mwinjilisti, na sehemu kubwa ya ndoa yetu aliitumia nje ya nchi akihudumia wakimbizi, akitumwa na shirika la kanisa. Nyumbani nilibaki na watoto, karo, na mama mkwe aliyekuwa kitandani. Kazi yake niliipenda na bado naipenda. Kuna watu walio hai leo kwa sababu mikono yake ilikuwepo pale walipoihitaji. Lakini kila aliporudi waumini walisimama kumpongeza, nami nilikaa kwenye mabenchi ya akina mama nikipiga makofi pamoja nao, nikijua ni nani aliyekesha na mtoto mwenye surua wakati baba hayupo. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Baada ya kumzika nilianza kusoma habari za waliotutangulia, nikitaka kujua jambo moja tu: wale waliotuletea Injili kutoka ng'ambo walifanyaje na nyumba zao?

Nilianza na Rabai, kwa kuwa ni karibu. Johannes Rebmann alifika mwaka 1846, na yeye na Krapf wakahamia kilimani Rabai kwa Wamijikenda. Mei 1848 Rebmann aliona theluji ya Kilimanjaro, habari ambayo wasomi wa Ulaya waliikataa kwa miaka. Mwaka 1851 alimwoa Emma, mjane Mwingereza. Krapf aliondoka mwaka 1853, na wenzao wengine walikufa au kurudi kwao. Waliobaki Rabai ni Rebmann na Emma. Emma alikaa pale mpaka kifo chake mwaka 1866, miaka kumi na mitano ya ndoa. Katika vitabu vya misheni ya siku zile mke wa mmishenari hakuwa mfanyakazi. Hakuwa na mshahara wake wala hakutakiwa kutoa taarifa, na kwa hiyo hatuna habari nyingi za siku zake. Tuna orodha za maneno alizokusanya mumewe. Nani alipika, nani aliuguza, nani alipokea wageni huku orodha zile zikiandikwa, hilo twaweza kulijua bila kuambiwa.

Rebmann alikaa miaka 29 bila kurudi Ulaya hata mara moja. Alipoondoka mwaka 1875 alikuwa kipofu. Aliyemshika mkono mpaka Ujerumani ni Isaac Nyondo, kijana wa Rabai, mtoto wa mmoja wa waumini wa mwanzo. Mzee yule alikufa mwaka uliofuata huko Korntal. Mwisho wake alitunzwa safarini na mtoto wa watu aliokuja kuwahudumia, na mimi naona hilo ni tunda la Rabai sawasawa na ubatizo wowote.

Wa pili niliyemsoma ni David Livingstone, na huyo alinipa taabu zaidi. Mkewe, Mary Moffat, alizaliwa kusini mwa Afrika katika nyumba ya misheni. Alijua kutengeneza sabuni na mishumaa, alijua kuzungumza Kitswana, alijua kusafiri kwa gari la ng'ombe. Walioana mwaka 1845. Mwaka 1850 mumewe alimvusha jangwa la Kalahari akiwa mjamzito, na watoto wadogo pamoja naye. Walipotoka alijifungua binti, Elizabeth, aliyeishi wiki sita hivi. Mwaka uliofuata Livingstone alipanga kumvusha tena, naye tena alikuwa mjamzito. Mama mzazi wa Mary alimwandikia mkwewe barua ya ukali, akimuuliza kama kifo cha mtoto mmoja hakikumtosha. Safari ikaendelea hata hivyo, na mtoto mwingine alizaliwa njiani.

Mwaka 1852 Livingstone aliwapeleka mkewe na watoto wanne Cape Town, akawapandisha meli ya kwenda Uingereza, nchi ambayo watoto wale hawakuijua. Kisha yeye akalivuka bara mpaka Luanda na kutoka Luanda mpaka Quelimane. Alirudi Desemba 1856 akiwa shujaa wa taifa. Katika miaka ile minne na ushee Mary alihama kutoka nyumba hadi nyumba, hakupatana na wakwe zake, fedha hazikumtosha, na pombe ikaanza kumzidi. Mwaka 1862 alimfuata mumewe Zambezi. Miezi michache baadaye, tarehe 27 Aprili, alikufa kwa homa huko Shupanga akazikwa chini ya mbuyu. Mwana wao mkubwa, Robert, alikwenda Marekani, akajiandikisha vitani kwa jina lisilo lake, akafa akiwa mfungwa mwaka 1864. Livingstone mwenyewe aliandika baadaye kwamba alijuta kutopata wakati wa kucheza na watoto wake.

Ninayasema haya nikijua vema sisi tunadaiwa nini na Livingstone. Taarifa zake juu ya biashara ya watumwa ziliamsha dhamiri ya Uingereza, na soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, mwaka uleule aliokufa. Mema yale ni ya kweli. Machozi ya Mary nayo ni ya kweli, na hakuna haki ya kufuta moja kwa kutumia jingine.

Wapo walioona hatari hiyo ya kazi kuumiza nyumba wakatafuta dawa yake. UMCA, ile Misheni ya Vyuo Vikuu iliyozaliwa kutokana na hotuba ya Livingstone huko Cambridge mwaka 1857, iliamua kwamba watu wake waende bila mshahara, kwa posho ndogo tu, na bila ndoa. Walianza vibaya. Askofu wao, Mackenzie, alikufa karibu na mto Shire Januari 1862, na dada yake aliyesafiri kuja kuishi naye alifika akakuta amekwisha kufa. Mwaka 1864 misheni ilihamia Unguja, na huko utaratibu wa useja ulizaa matunda makubwa. Edward Steere, aliyekuwa tayari ameoa, alimwacha mkewe Uingereza. Yeye alikusanya sarufi na hadithi za Kiswahili, akatafsiri Maandiko, akasimamia ujenzi wa kanisa la Mkunazini, mahali palipokuwa soko la watumwa. Alikufa Unguja Agosti 1882, akazikwa ndani ya kanisa hilo. Kila tusomapo Biblia kwa Kiswahili tunasoma kwa jasho lake. Nadhani ni haki tukumbuke pia ile meza ya Uingereza iliyokuwa na kiti kitupu.

Dawa nyingine ilikuwa shule za bweni. Mwaka 1838 ilifunguliwa Walthamstow, karibu na London, shule ya mabinti wa wamishenari, na mwaka 1842 ikafuata ya wavulana, ambayo leo ni Eltham College. Mtoto aliachwa akiwa na miaka sita au saba, na aliweza kukaa miaka mingi bila kuwaona wazazi. Eric Liddell, mkimbiaji aliyekataa kukimbia Jumapili katika Olimpiki ya Paris mwaka 1924 na akashinda mita 400, alizaliwa Uchina akaachwa katika shule hiyo ya wavulana mwaka 1908. Alipokuwa mtu mzima alirudi Uchina kuhudumu kama wazazi wake. Vita vilipokaribia mwaka 1941 alimtuma mkewe mjamzito na mabinti wawili Kanada, yeye akabaki kazini. Alikufa katika kambi ya wafungwa ya Wajapani Februari 1945 bila kumwona binti wa tatu. Huku kwetu, shule ya Kijabe ilianzishwa mwaka 1906 ili watoto wa wamishenari wasomee barani, umbali wa siku chache kutoka kwa mama zao badala ya miezi. Hiyo ilikuwa hatua ya huruma.

Hatua nyingine iliyonifariji niliikuta Uganda. Albert Cook, daktari, na Katharine Timpson, muuguzi, walisafiri pamoja na kuanza kazi ya hospitali ya Mengo mwaka 1897, wakaoana mwaka 1900. Katharine hakuwa kivuli cha mtu. Alikuwa matroni, na alifundisha wakunga Waganda waliokwenda kuokoa wazazi na watoto vijijini. Pale ambapo mke alihesabiwa kuwa ametumwa, nyumba na kazi vilisaidiana.

Wala tusidhani kwamba historia hii ni ya Wazungu peke yao. William Jones na Ishmael Semler walikuwa Waafrika waliochukuliwa utumwani wakiwa watoto, wakaokolewa baharini, wakalelewa Nasik, India. Mwaka 1864 walivuka bahari kuja Rabai kumsaidia Rebmann, na wake zao pamoja nao. Mwaka 1885 wote wawili waliwekwa wakfu na Askofu Hannington kuwa mashemasi. Baadaye mwaka huohuo Jones alifuatana na Hannington kuelekea Uganda. Askofu aliuawa Busoga, naye akawarudisha wapagazi waliosalia mpaka Rabai. Nyumba za hawa, walioitwa Waafrika wa Bombay, ndizo zilizowapokea watumwa watoro waliokimbilia misheni kutoka mashamba ya pwani. Fikirini kazi ya mama wa nyumba ya namna hiyo, mgeni katika nchi aliyoambiwa ni yake, kila usiku mlango ukigongwa na mwenye njaa.

Na yuko Apolo Kivebulaya, Mganda, aliyevuka mto Semliki mwaka 1896 kwenda Boga, Kongo. Mkewe alikuwa amefariki, naye akachagua kutooa tena ili awe huru kwenda msituni kwa Wambuti. Alifia Boga mwaka 1933. Kwa Apolo upweke ulikuwa chaguo lake mwenyewe, na hakuna mtoto aliyeulipia. Ndiyo maana namheshimu bila kusita.

Nimezisoma habari hizi nikiwa na mistari miwili moyoni. Katika Mathayo 19 Bwana anawaahidi thawabu walioacha nyumba na watoto kwa ajili yake. Katika waraka wa kwanza kwa Timotheo, sura ya 5, Paulo anasema kwa ukali kwamba asiyewatunza wa nyumbani mwake ameikana imani. Kwa miaka mingi nilisikia mstari wa kwanza ukihubiriwa siku ya kuwaaga wanaotumwa. Wa pili sikuusikia siku hiyo hata mara moja. Naamini yote miwili yapaswa kusomwa pamoja, katika ibada ileile, kwa sauti ileile. Anayejitoa ajitoe mwenyewe. Asimtoe mwenzake asiyeulizwa.

Leo sisi ndio tunaotuma. Vijana wetu wauguzi, walimu na wachungaji wanakwenda Sudan Kusini, Kongo, Msumbiji na mbali zaidi kwa kazi za huruma. Nawasihi wazee wa kanisa na mabaraza ya parokia: kabla ya kumwekea mtu mikono, mwiteni mkewe au mumewe, aulizwe peke yake, na jibu lake liwe na nguvu sawa na la anayetumwa. Katika bajeti ya safari iandikeni karo ya watoto na matibabu ya wazazi wanaobaki. Likizo iwe na tarehe, na tarehe iheshimiwe. Mtaa uwe na watu wawili watatu watakaobisha hodi katika nyumba ile kila juma, si kwa maombi tu, bali na unga na muda wa kukaa. Na siku anaporudi, waiteni wote mbele, baba, mama na watoto, kwa maana wote walitumwa.