Asili ya Santuri ya Connected

Aghalabu historia ya muziki wa kufokafoka huandikwa kwa mitaa: Bronx ilizaa, miji mingine ikalea. Utaratibu huo hauitoshi Connected, santuri ya kwanza ya The Foreign Exchange, iliyotolewa mwaka 2004 na kampuni ya BBE ya London. Mfokaji wake, Phonte, alikuwa North Carolina, Marekani. Mtunzi wa midundo, Nicolay, alikuwa Uholanzi. Walifahamiana katika baraza la Okayplayer, mtandao ulioasisiwa mwaka 1999 na Questlove, mpiga ngoma wa The Roots, pamoja na mwandishi Angela Nissel. Nicolay alituma midundo kwa kompyuta. Phonte akaitia maneno na kuirudisha. Santuri ikakamilika wawili hao hawajapata kuonana.

Isidhaniwe kuwa Phonte hakuwa na kwao. Mwaka 2003 alikwisha kutoa The Listening pamoja na wenzake wa Little Brother, kundi lililoanzia chuoni mjini Durham, na mmoja wao, Big Pooh, asikika katika Connected pia. Tofauti imo katika utendaji. Watunzi walioketi chumba kimoja hukatizana na kugeuza mdundo papo hapo. Hawa walipokezana kazi pasipo uso wala ishara ya mkono, na hukumu yote ikawa ya sikio.

Baadaye Nicolay alihamia North Carolina. Santuri ya pili, Leave It All Behind, ilitoka mwaka 2008, na humo Phonte aimba zaidi ya anavyofoka.