Barua ya Makka na Mabawabu wa Habari

Ndugu msomaji, hapana shaka umepata kuletewa katika simu maneno haya: soma, kisha wapelekee wenzio kadhaa, usipofanya hivyo utapatwa na balaa. Usidhani jambo hili limezaliwa na simu.

Mwaka 1908, nchi hii ilipokuwa chini ya Wajerumani, ulizuka huko Lindi waraka ulioitwa Barua ya Makka. Ulidai kuwa Shekhe Ahmad, mtunza kaburi la Mtume (S.A.W.) Madina, ameoteshwa kuwa Kiyama kimekaribia, watu watubu, na waraka unakiliwe na kupelekwa mbele. Mabawabu wa habari zama hizo walikuwa walimu, kwa kuwa ndio waliojua kuandika. Wakaunakili, ukaenea pwani na bara. Wajerumani, ambao ndiyo kwanza wametoka katika Vita vya Maji Maji (1905–1907), wakaingiwa na hofu, wakaanza kuuchunguza.

Waraka huo haukufa. Nilipokuwa mwanafunzi wa chuo hapa Kipili, ulinifikia kwa mkono wa abiria wa meli ya Liemba. Kwa hofu nikaunakili mara saba, nikagawa. Mwalimu wangu akaniuliza: "Nani kamsikia huyo Shekhe Ahmad, na wewe umepokea kwa nani?" Sikuwa na jibu. Bibi mmoja jirani alikwisha kesha siku kadhaa akilia kwa ajili ya karatasi yangu. Wanavyuoni wameukanusha waraka huo, miongoni mwao Shekhe Abdulaziz bin Baz wa Saudia; lakini kanusho haliendi mbio kama hofu.

Je, leo bawabu ni nani? Wa kwanza ni makampuni. Mwaka 2019 WhatsApp iliweka mpaka, ujumbe usipelekwe mbele kwa zaidi ya watu au vikundi vitano kwa mara moja. Ni jambo jema, ila mtambo huo huhesabu tu, hauulizi ukweli. Bawabu wa pili ni wewe. Surat Annisaa, aya ya 83, yawalaumu wanaotangaza kila habari ya amani au ya hofu pasi na kuirejesha kwa wenye kujua. Nasi tuliosoma tusijione: mwaka 1908 mlango ulifunguliwa na walimu wenyewe.

Basi likikujia neno la kutisha, uliza kwanza: nani kasema, naye kapokea kwa nani? Ukikosa jibu, na liishie kwako.

Wabillahi tawfiq.