Yowe, Sungusungu na King'ora: Nani Hutoka Nje Usiku?

Likizo iliyopita nililala siku chache Sikonge mjini, nyumbani kwa mzee mmoja mtumishi mstaafu. Usiku wa pili, yapata saa tisa, king'ora kililia nyumba ya tatu kutoka kwetu. Nilivaa viatu kwa haraka, nikashika tochi, nikaelekea mlangoni. Mwenyeji wangu alinikuta sebuleni. "Rudi ulale, mwanangu," akasema. "Hicho hulia kila umeme ukikatika." Kililia kwa dakika kadhaa, sauti ikazidi kudhoofu, kisha kikanyamaza. Mtaa mzima haukufunguka hata mlango mmoja.

Asubuhi nilimuuliza: je, siku mwizi akija kweli? Akacheka, kisha akanyamaza kidogo. "Atafanya kazi yake na king'ora kinalia, sisi tumelala. Zamani hapa mtu akipiga yowe, asiyetoka ndiye aliyehesabiwa mwizi wa pili."

Kauli hiyo imekaa nami tangu siku ile, na ndiyo iliyozaa makala haya. Tunapozungumzia ulinzi wa nyumba, tunazungumzia vyombo: ukuta, kufuli, kamera, uzio wa umeme. Historia ya Unyamwezi inatuambia kwamba chombo ni nusu tu ya ulinzi. Nusu ya pili ni mtu anayeitika, na nusu hiyo nayo huchakaa isipotunzwa.

Ukuta na somo la mwaka 1871

Karne ya 19, nchi iliyozunguka Tabora ilikuwa njia panda ya misafara. Pembe za ndovu na watumwa walipita kwenda pwani. Nguo, shanga, bunduki na baruti zilipita kwenda bara. Penye mali pana mnyang'anyi, na nyumba za wakati huo zilijengwa kwa hesabu hiyo. Tembe ilikuwa na kuta nene za udongo na miti, paa tambarare, ua katikati na milango michache ya kutokea nje. Vijiji vingi vilizungushiwa boma la magogo au ua wa minyaa, mmea ambao utomvu wake huunguza macho. Mifugo ililala ndani, na lango lilifungwa jua likizama.

Hata hivyo, ukuta peke yake haukumwokoa mtu. Mwezi Agosti 1871, Waarabu wa Tabora walikwenda kumpiga Mtemi Mirambo, wakashindwa. Siku chache baadaye Mirambo akaja mwenyewe na ruga-ruga wake hadi Tabora. Mfanyabiashara mmoja mkubwa, Khamis bin Abdullah, alitoka kumkabili akiwa na wafuasi wake wenye silaha, wengi wao watumwa. Mapambano yalipokolea, walimkimbia. Aliuawa pamoja na wachache waliobaki naye, na sehemu ya mji ikateketezwa kwa moto. Wakati huo Henry Morton Stanley alikuwa Kwihara, karibu na hapo, akiamuru watu wake watoboe matundu ya kupitishia bunduki katika kuta za tembe aliyokaa. Shambulio halikumfikia. Mwezi uliofuata aliondoka kwenda Ujiji kwa kuzunguka kusini, kupitia Ugunda na misitu ya upande huu, ili asikutane na Mirambo.

Somo la mwaka ule si gumu kulisoma. Khamis bin Abdullah hakupungukiwa bunduki wala ukuta. Alipungukiwa watu wenye sababu ya kusimama naye. Mtumwa aliyepewa bunduki alinde mali ya bwana wake hakuwa na deni lolote la kumlipa bwana huyo kwa roho yake.

Naye Mtemi Isike wa Unyanyembe alikuwa na ngome iliyowasumbua Wajerumani kwa muda. Januari 1893 jeshi lililoongozwa na Tom von Prince lilipoingia ndani, Isike aliwasha baruti yake mwenyewe kuliko kukamatwa. Ngome imara hununua muda. Haiwezi kukuletea msaada ambao haukuwa njiani.

Yowe lilikuwa mfumo

Wengi wetu tunalichukulia yowe kama kelele za hofu. Wanyamwezi na Wasukuma walilipa jina, mwano, na kulipa taratibu. Mwano ulikuwa mwito wenye masharti. Aliyeusikia alipaswa kutoka na silaha na kuupokea kwa kuurudia, ili kijiji cha pili kisikie, kisha cha tatu. Mifugo ilipoibwa, watu walifuata nyayo huku mwito ukiwatangulia, na waliokuwa mbele walifunga njia.

Tazameni jinsi mfumo huo ulivyojitunza wenyewe. Aliyeita bila sababu alijivunjia heshima na aliwajibishwa. Aliyesikia asitoke naye aliwajibishwa. Kwa hiyo mwito ulibaki na thamani: haukupigwa ovyo, na ulipopigwa haukupuuzwa. Fundi yeyote wa vingo'ra atawaambia kwamba matatizo ya kazi yake ni hayo hayo mawili: kengele inayolia bila sababu, na kengele inayolia bila kuitikiwa. La kwanza ndilo linalozaa la pili.

Waitikaji walipohamishwa

Mfumo huu ulikatwa vipande mara kadhaa. Chini ya Waingereza, watu wa misitu ya magharibi walikusanywa katika makazi mapya kwa sababu ya malale. Mwaka 1963, miaka miwili baada ya Uhuru, utawala wa machifu ulifutwa kwa sheria, na TANU ikajenga mfumo wa mabalozi wa nyumba kumi. Kati ya mwaka 1973 na 1976, operesheni ya vijiji iliwahamisha mamilioni ya wananchi nchini kote na kuwaweka katika mistari ya nyumba, wengi wao kando ya majirani wasiowachagua.

Silaumu kila hatua kati ya hizo. Nyingine zilileta shule, zahanati na maji. Lakini ujirani haujengwi kwa kupima viwanja. Mtu huitika mwito wa jirani kwa sababu jirani huyo aliwahi kuitika wake, na mkopo wa namna hiyo huchukua miaka kukomaa. Tulihamisha nyumba, tukadhani mkopo nao umehamia.

Kisha zikaja shida za mwisho wa miaka ya 1970: vita vya Kagera, uhaba wa bidhaa, silaha zilizozagaa na wizi wa ng'ombe wa kutisha. Polisi walikuwa wachache na walikuwa mbali. Tena wananchi wengi waliamini kwamba mwizi akipelekwa kituoni leo, kesho atarudi kijijini akiwacheka.

Sungusungu: tiba na madhara yake

Ndipo mwanzoni mwa miaka ya 1980, katika maeneo ya Kahama na Nzega, wanakijiji walipojiundia sungusungu. Jina ni la wale siafu weusi: mmoja ni mdogo, lakini kundi lao humtoa nje hata tembo. Vikundi vilikuwa na mtemi wao, katibu na makamanda. Silaha zilikuwa pinde na mishale, na filimbi ilisaidia kuita. Kwa muda mfupi vilienea Tabora, Shinyanga na Mwanza. Wizi wa ng'ombe ulipungua kwa namna ambayo serikali haikuweza kuipuuza. Viongozi wakuu wa chama walivitetea, na mwaka 1989 Bunge lilirekebisha sheria za mgambo ili kuvipa nafasi ya kisheria.

Wanafunzi wangu hupenda kuishia hapo, kwani ni hadithi nzuri ya umma kujikomboa. Haki inatudai tuendelee. Sungusungu walipiga watu ili wakiri. Walitoza faini bila hakimu. Waliwatenga watu na familia zao hata wakanyimwa moto na maji. Wako waliouawa kwa kudhaniwa wezi, na wako wanawake wazee waliosakamwa kwa tuhuma za uchawi. Baadhi ya wanachama walifikishwa mahakamani kwa mauaji.

Kwa lugha ya fundi, tungesema kifaa hiki kilikuwa na nguvu kubwa lakini hakikuwa na swichi ya kuzimia. Mwano wa kale ulimwajibisha mwenye kuita na mwenye kuitikia. Sungusungu waliwawajibisha wasioitika, lakini mara nyingi hapakuwa na wa kuwawajibisha wao. Katiba yetu inampa kila mtu haki ya kuhesabiwa asiye na kosa hadi ithibitike, na haki hiyo haisinzii saa tisa usiku.

King'ora cha leo na matunzo yake

Turudi kwenye nyumba ya tatu. Mchana nilikwenda kumjulia hali mwenye nyumba, naye akanionyesha mtambo wake. Betri ya akiba ilikuwa imevimba. Haikubadilishwa tangu ifungwe. Betri za aina hiyo kwa kawaida hudumu miaka mitatu hadi mitano, na joto la chini ya bati huzimaliza mapema zaidi. Umeme ulipokatika, betri haikuweza kuubeba mtambo, nao ukapiga kelele za kufa kwake. Kihisi cha mwendo kilikuwa kimeelekezwa dirishani, mahali pazia linapopepea na jua linapopiga. Ndani yake buibui alikuwa ameshatanda. Sumaku ya mlango ilikuwa imeachana na mwenzake kwa sababu mbao zilifura masika.

Hakuna lililohitaji utaalamu mkubwa. Mara moja kwa mwezi, mwenye nyumba azime umeme kwa makusudi aone kama mtambo unabaki hai. Afute vihisi kwa kitambaa kikavu, afungue na kufunga kila mlango akiangalia taa ya mtambo, na aandike daftarini kila mara king'ora kinapolia bila sababu, saa na mahali. Mistari mitatu inayofanana humwonyesha fundi pa kuanzia. Mwenye uzio wa umeme akate majani kabla hayajagusa nyaya, maana yakiwa mabichi hunywa nguvu yote. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Lakini kuna kazi moja ambayo haimo katika kijitabu cha fundi: kuwaendea majirani. Waambiwe siku ya majaribio, ili wajue mlio upi ni wa kujaribu. Waombwe radhi kwa usiku wa bure. Wakubaliane nani atampigia nani simu, nani atawaita polisi, na kwamba mtuhumiwa akikamatwa hatapigwa. Mwenye kamera nayo aielekeze getini kwake, si uani kwa jirani. Tangu mwaka 2022 tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na sura ya mtu ni taarifa yake.

Nawageukia sasa watendaji wa mitaa, kata na halmashauri wanaosoma ukurasa huu. Tangu mwaka 2006 tumesikia mengi kuhusu polisi jamii. Mikutano ya ulinzi shirikishi isiishie kukusanya michango ya walinzi wa usiku. Iwe na ajenda ya kudumu: mwito gani ulitolewa mwezi huu, nani aliitika, nani aliumizwa bila hatia, na nani atajibu kwa hilo. Swali la mwisho ndilo lililokosekana katika miaka ya 1980, na gharama yake ilibebwa na wasio na mtetezi.

Kabla sijaondoka Sikonge, mwenye nyumba ya tatu alinunua betri mpya, na jioni alipita nyumba kwa nyumba kuwataarifu jirani zake kwamba saa kumi na mbili atajaribu king'ora. Kililia kwa nguvu. Mwenyeji wangu alinyanyuka kitini, akachukua fimbo yake, akatoka hadi barabarani. Nilimkumbusha kwamba ni majaribio tu.

"Najua," akanijibu. "Na mimi najijaribu."