Somo la Historia: Bastola ya Mfukoni

Kaeni vizuri. Mwalimu wa darasa, tafadhali andika ubaoni maneno matatu: bastola, ala, kifyatuo. Bastola mnaijua, ni bunduki fupi ya kushikwa kwa mkono mmoja. Ala ni kifuko cha kuchomekea silaha, kama ala ya kisu. Kifyatuo ni kile kilimi cha chuma kinachovutwa kwa kidole ili risasi itoke. Neno hili la tatu mlikumbuke sana.

Leo twende Marekani. Kwa muda wa miaka mia mbili na zaidi, wako watu wa nchi ile ambao huamka asubuhi, huvaa suruali na shati, kisha hutia bastola ndani ya nguo zao mahali ambapo haionekani, wakaenda zao kazini au sokoni. Mtu ambaye hajapata kubeba bastola hudhani kwamba kazi ni kuinunua tu. La, taabu huanza pale anapotaka kuibeba kutwa nzima. Bastola ni chuma. Ni nzito, ina pembe, humchoma mtu ubavuni akikaa, huivuta suruali chini akitembea, na siku ya joto hukwaruza ngozi yenye jasho. Kwa hiyo watu walitafuta njia ya kuibeba bila taabu. Walizipata njia nyingi, lakini kila raha iliyopatikana ilikuwa na bei yake, na bei hiyo ndiyo habari ya somo hili.

Kwanza, kwa nini ifichwe? Kwetu Pwani, wazee wa Unguja na Lamu, kama Waarabu wa Maskati, walivaa jambia kiunoni, mbele kabisa, juu ya kanzu. Kila mtu aliliona, na lilikuwa pambo la heshima. Wamarekani wa zamani nao walikuwa na fikira kama hiyo. Mtu mwenye silaha nje alionekana muungwana, na mtu mwenye silaha nguoni alidhaniwa ana nia mbaya. Mwaka 1813 jimbo la Kentucky lilitoa sheria ya kukataza bastola ya mfukoni, kisu kikubwa, na upanga uliofichwa ndani ya bakora, isipokuwa kwa mtu aliye safarini. Louisiana nayo ikafanya vivyo hivyo mwaka huo huo. Mtu mmoja wa Kentucky alitozwa faini ya dola 100 kwa sababu ya bakora yake yenye upanga. Akashitaki, na mwaka 1822 mahakama ikasema sheria ile haifai, maana katiba inawapa raia haki ya silaha. Mwaka 1850 watu wa Kentucky wakaibadili katiba yenyewe, ili baraza lao liweze kukataza silaha za kufichwa. Mnaona, ugomvi huu ni wa zamani.

Sasa tuje kwenye bastola zenyewe. Katika mji wa Philadelphia alikuwako fundi aitwaye Henry Deringer. Yeye alitengeneza bastola ndogo mno. Moja ya bastola zake, iliyo mashuhuri kuliko zote, haifiki urefu wa inchi 6. Unaitia katika mfuko wa kizibao, na mshonaji wako mwenyewe hatajua. Ni raha kubwa hiyo. Na bei yake? Risasi moja tu. Ukikosa, umekwisha. Ndiyo sababu wanunuzi wengi walinunua mbili mbili. Usiku wa Aprili 14, 1865, John Wilkes Booth aliingia katika nyumba ya michezo iitwayo Ford's Theatre, mjini Washington, akiwa na bastola hiyo. Akampiga Rais Abraham Lincoln kichwani kutoka nyuma. Meja mmoja aliyekuwa pamoja na Rais akamrukia. Booth hakuwa na risasi ya pili, ikambidi atumie kisu. Rais alikufa asubuhi yake. Tangu hapo jina la fundi yule, likiandikwa kwa makosa na herufi r mbili, limekuwa jina la kila bastola ndogo ya namna ile.

Aliyeleta risasi nyingi ni Samuel Colt. Bastola yake ilikuwa na gurudumu lenye matundu, na kila tundu lina risasi yake. Lakini bastola kubwa aliyoitengeneza mwaka 1847 ilikuwa na uzito wa zaidi ya ratili 4, na wapanda farasi waliichukua katika ala iliyofungwa kwenye tandiko. Farasi ndiye aliyebeba taabu. Mwaka 1849, wakati watu walipokuwa wakikimbilia dhahabu California, Colt aliuza bastola ndogo ya mfukoni, na kabla ya kuacha kuitengeneza mwaka 1873 zilikuwa zimetoka zaidi ya 300,000. Hesabu hiyo inaonyesha ni watu wangapi walitaka silaha isiyoonekana. Mafundi cherehani nao walijua. Ule mfuko wa nyuma wa suruali, ambao wewe unatia pochi yako, katika siku zile uliitwa mfuko wa bastola.

Sasa sikilizeni kisa cha Wichita, katika jimbo la Kansas. Januari 1876, usiku wa Jumapili, polisi mmoja aitwaye Wyatt Earp alikuwa amekaa na wenzake katika chumba cha nyuma cha kilabu. Bastola yake ilichomoka katika ala ikaanguka. Kinyundo cha bastola kilikuwa kimelala juu ya fataki, kikagonga kiti, na risasi ikatoka. Ilipita katika koti la Earp, ikapiga ukuta, ikatokea darini. Gazeti la mji likaiandika habari hiyo, na kwa bahati hakuumia mtu. Huyu hakuwa mshamba wa silaha, bali polisi aliyeishika kila siku. Kosa lilikuwa mambo mawili: ala iliyolegea, na kinyundo kilichokaa juu ya risasi. Watu wenye busara walitia risasi tano katika gurudumu la matundu sita, na tundu lililo tupu likawa chini ya kinyundo. Earp naye hakuiacha njia ya nguoni. Siku ya mapigano mashuhuri ya Tombstone, Oktoba 26, 1881, bastola yake ilikuwa katika mfuko wa kabuti. Mwenyewe alieleza hivyo mahakamani.

Mfuko nao una udhia wake. Kinyundo ni kama ndoano, na ukiivuta bastola kwa haraka hunasa katika kitambaa. Kampuni ya Smith & Wesson mwaka 1887 ikauza bastola ambayo kinyundo chake kimefunikwa ndani, na nyuma ya mpini kuna kibati ambacho lazima kibanwe na kiganja, ama sivyo haipigi. Kwa maoni yangu hii ilikuwa kazi ya akili kuliko nyingi zilizokuja baadaye, maana fundi alifikiria raha ya mbebaji na usalama wake pamoja.

Lakini bastola inayomkaa vizuri mtu mwema humkaa vizuri mwuaji vile vile. Septemba 6, 1901, mjini Buffalo, watu walipanga mstari kumpa mkono Rais William McKinley. Mmoja wao alikuwa amezungusha leso mkononi, kana kwamba ana jeraha. Ndani ya leso ilikuwamo bastola. Rais akafa siku nane baadaye. Kisha akaja John Browning, Mmarekani aliyebuni bastola nyembamba zisizo na gurudumu, ambazo risasi zake hukaa ndani ya mpini. Wembamba huo ulipendwa mno, kwa sababu gurudumu hutokeza nguoni kama embe mfukoni. Bastola moja ya namna yake, iliyotengenezwa Ubelgiji, ilikuwa na kijana Gavrilo Princip katika mji wa Sarajevo, Juni 28, 1914. Vita vilivyofuata vilifika mpaka Tanganyika na Kenya, na mtaa wa Kariakoo mjini Dar es Salaam umepata jina lake kwa kikosi cha wapagazi wa vita vile.

Turudi Marekani. Mwaka 1911 jimbo la New York lilitoa sheria kwamba mwenye bastola ya kuweza kufichwa lazima awe na leseni. Wengine hawakusumbuliwa na sheria bali na mwili. J. H. Fitzgerald, mtu wa kampuni ya Colt, katika miaka ya 1920 alikata mtutu wa bastola ukabaki inchi 2, akakata ncha ya kinyundo, kisha akakata hata sehemu ya mbele ya lile duara la chuma linalokikinga kifyatuo, ili kidole kiingie upesi. Bastola mbili za namna hiyo alizichukua katika mifuko ya mbele ya suruali iliyotiwa ngozi ndani. Hebu fikirini: kifyatuo kitupu mfukoni, karibu na paja! Yeye alikuwa bingwa na aliweza. Wangapi wa wale waliomwiga walikuwa mabingwa?

Kuna swali jingine: nani hupewa ruhusa? Januari 30, 1956, mjini Montgomery, jimbo la Alabama, nyumba ya Mchungaji Martin Luther King ilitupiwa bomu. Mke wake na mtoto wao mchanga walikuwamo ndani. King akaomba leseni ya kubeba bastola ya kufichwa. Wakuu wa serikali wakamnyima. Katika siku zile nyumba yake ilikuwa na silaha, hata mwandishi wa habari mmoja alipotaka kukaa kitini alizuiwa kwa ukelele, kwa maana juu ya kiti palikuwa na bastola. Baadaye King aliziacha silaha kabisa. Lakini angalieni: sheria iliyosema leseni itolewe kwa anayestahili ilimwachia ofisa mzungu kuamua nani anastahili.

Sheria hizo zimelegea sana tangu hapo. Mwaka 1987 Florida iliamua kwamba kila mtu anayetimiza masharti apewe leseni, na majimbo mengi yakafuata. Juni 23, 2022, Mahakama Kuu ya nchi iliondoa sharti la New York la mwombaji kuonyesha sababu yake maalumu. Siku hizi zaidi ya nusu ya majimbo 50 hayadai leseni yo yote kwa mtu mzima asiye na kosa.

Basi wanabebaje leo? Wengi huichomeka ndani ya suruali, kiunoni, katika ala ya ngozi nene au ya plastiki ngumu iliyofinyangwa kwa umbo la bastola ile ile. Ala njema hufunika kifyatuo chote na haiachi bastola ichomoke. Hutaka mshipi mgumu, na mara nyingi suruali iliyopanuliwa kiuno. Wengine huona hayo ni usumbufu mtupu, wakaichomeka hivi hivi bila ala.

Novemba 2008, katika kilabu cha usiku mjini New York, mchezaji mashuhuri wa mpira wa Kimarekani, Plaxico Burress, alikuwa na bastola ya Glock kiunoni bila ala. Leseni yake ya Florida ilikuwa imekwisha muda, na ya New York hakuwa nayo. Bastola ikateleza ndani ya suruali. Akaidaka kwa mkono, risasi ikatoka ikampenya paja. Mwezi Februari mwaka ule ule yeye ndiye aliyedaka mpira wa ushindi katika fainali kubwa ya nchi nzima. Mwaka 2009 alihukumiwa kifungo cha miaka miwili.

Mwalimu, sasa mwanafunzi mmoja asome kwa sauti kisa cha Wichita, na mwingine asome kisa cha New York. Kisha darasa zima lihesabu ni miaka mingapi ilipita kati ya kisa cha kwanza na cha pili, na kila mmoja aandike katika daftari lake ni jambo gani halikubadilika. Jibu la hesabu tutalitoa mwanzoni mwa somo lijalo. Kwaherini.