Barabara ya Kampala: Sehemu ya Tatu

ILIPOISHIA: Majeshi ya Idi Amin wa Uganda yameshatimuliwa Kagera, lakini makombora kutoka mwinuko wa Mutukula bado yanaangukia ardhi ya Tanzania. Mwalimu Nyerere anaridhia mwinuko huo uchukuliwe. Usiku wa Januari 21, 1979, Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ) linavuka mpaka. SASA ENDELEA...

Mutukula ikawa mikononi mwa Watanzania, na swali likageuka. Hapo kabla lilikuwa namna ya kumtoa nduli Amin. Sasa likawa: tukishavuka, tunaishia wapi?

Wengi wetu tunaisimulia vita hii kana kwamba safari ya Kampala ilipangwa tangu Novemba 2, 1978, siku Mwalimu alipolitangazia taifa kwamba uwezo wa kumpiga Amin tunao, sababu tunayo na nia tunayo. Mimi siamini hivyo. Siku ile kazi ilikuwa kuikomboa ardhi ya kaskazini ya mto Kagera, kilomita za mraba zipatazo 1,800, ambayo Amin alikwisha kuitangaza kuwa ya Uganda. Kampala ilikuja baadaye, hatua kwa hatua, na kila hatua ilifungua mlango wa inayofuata.

Tazama mzigo aliokuwa nao Mwalimu. Huyu alikuwa mmoja wa waasisi wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika (OAU) mwaka 1963. Mwaka uliofuata, kule Cairo, nchi yake ilisimama mbele kutaka mipaka iliyoachwa na wakoloni iheshimiwe. Leo askari wake wamo ndani ya mpaka wa jirani. Alichokitaka kwa OAU kilikuwa wazi: imlaani mvamizi, naye Amin ayafute madai yake juu ya ardhi ya Tanzania na alipe fidia. OAU, chini ya uenyekiti wa Jaafar Nimeiry wa Sudan, ikaja na usuluhishi. Yaani aliyevunjiwa nyumba na aliyeivunja wakalishwe mkeka mmoja, bila mtu kutamka nani kakosa! Naamini kigugumizi hicho cha wakubwa wa Afrika kilimsukuma Mwalimu kuelekea Kampala kuliko neno lolote la majenerali wake.

Kulikuwa na sauti nyingine pia, ya karibu zaidi. Milton Obote, rais wa Uganda aliyepinduliwa na Amin mwaka 1971, alikuwa akiishi uhamishoni Dar es Salaam, na hoja yake ilikuwa kwamba Masaka na Mbarara zikianguka, Waganda wenyewe watanyanyuka. Kwa Mwalimu hesabu hiyo ilikuwa nafuu kubwa. Tanzania ingemwadhibu Amin kwa yale ya Kagera, kisha kazi ya kumng'oa ingebaki kwa wananchi wake. Akaidhinisha miji yote miwili ipigwe.

Masaka ilichukuliwa Februari 24, baada ya mizinga kuipiga usiku kucha. Wapiganaji walioingia asubuhi walikuwa wamepita Kyaka, wakaona daraja lililolipuliwa, nyumba zilizochomwa na maiti za raia wa Kagera. Hasira hiyo waliibeba hadi Masaka. Majengo ambayo mizinga haikuyagusa yakalipuliwa kwa baruti, moja baada ya jingine. Taarifa ya uharibifu huo ilimshtua Mwalimu. Kesho yake Mbarara nayo ikaanguka.

Dar es Salaam ikasubiri Waganda wanyanyuke.

Zikapita siku, ikapita wiki. Serikali ya Amin haikuanguka. Badala yake kishindo kikaja kutoka upande ambao wengi hawakuutegemea. Machi 10, kwenye ukingo wa kinamasi cha Lukaya, kati ya Masaka na Kampala, Brigedi ya 201, yenye wanamgambo wengi, ilikumbana na vifaru, maroketi na askari ambao hawakuwa Waganda. Walikuwa Walibya. Muammar Gaddafi alikuwa amemtumia rafiki yake jeshi.

Brigedi ya 201 ikavunjika. Wanamgambo, ambao miezi michache nyuma walikuwa wakulima na makarani, wakarudi nyuma gizani, na barabara ya kwenda Masaka ikabaki nusu wazi.

Usiku huohuo Brigedi ya 208 ya Brigedia Mwita Marwa ikageuzwa, ikazunguka ili imtokee adui ubavuni. Asubuhi ya Machi 11 Walibya wakajikuta wanapigwa kutoka pande mbili. Lukaya ikarudi.

Kijeshi, njia ilikuwa imefunguka. Kisiasa, Mwalimu alikuwa njia panda. Waganda walioko ndani hawakuweza kumng'oa Amin anayelindwa na jeshi la kigeni. Akisimama Masaka, Amin atajipanga upya kwa silaha za Libya. Akienda Kampala, atakuwa amefanya jambo ambalo Afrika huru haikuwa imelizoea: kuingia mji mkuu wa jirani na kumwondoa mtawala wake. Na baada ya hapo, nani ataiongoza nchi?

Machi 24 Waganda walioko uhamishoni wakakutana Moshi. Obote alishawishiwa asihudhurie, kwa kuwa jina lake lingewagawa wajumbe. Siku tatu za mabishano zikazaa umoja wa kuikomboa Uganda, UNLF, na Yusuf Lule akawa mwenyekiti. Sasa palikuwa na watu wa kukabidhiwa Kampala. Kilichobaki kilikuwa amri.

Kabla wajumbe hawajamaliza kutawanyika, ujumbe wa Gaddafi ukamfikia Mwalimu kupitia balozi wa Libya. Aondoe majeshi yake Uganda ndani ya saa 24, la sivyo Libya itaingia vitani kikamilifu.

Haikuwa tambo tupu. Libya ilikuwa na ndege za Tupolev Tu-22 za kudondosha mabomu, na kusini ya Ziwa Victoria ulikuwapo mji uliokuwa njia ya askari na vifaa kwenda mstari wa mbele, wenye maghala ya mafuta kando ya maji: Mwanza.

Mwalimu akaamua kulijibu tishio hilo hadharani, redioni. Na rubani wa Tupolev akapewa shabaha yake.

ITAENDELEA JUMAMOSI IJAYO