Martin Kayamba Mdumi na Chama cha Makarani wa Tanga

Historia ya ushirika wa Kikristo katika mji wa Tanga haiwezi kuelezwa kwa kuwataja wachungaji, wainjilisti na wazee wa Kanisa peke yao. Wamishenari wa Kilutheri wa shirika lililokuja kujulikana kwa jina la Betheli waliweka kituo chao Tanga mwaka 1890, na kutoka hapo kazi ikaenea Usambara na kwa Wadigo. Lakini mji waliouingia ulikuwa tayari na wenyewe, na uliendelea kujaa watu kutoka kila upande: mabaharia, wachukuzi, vibarua wa reli iliyoanza kujengwa mwaka 1893, wafanyakazi wa mashamba ya mkonge, wafanyabiashara wa Kihindi, askari na makarani. Katika mji wa namna hiyo, swali la jinsi watu wa dini na makabila mbalimbali watakavyoishi pamoja halikuwa swali la vitabuni. Mmoja wa waliolijibu kwa vitendo hakuwa Mlutheri. Alikuwa Mwanglikana wa UMCA, karani wa boma, na jina lake Martin Kayamba Mdumi.

Alizaliwa Mbweni, Unguja, mwaka 1891. Kwa asili alikuwa Mbondei, na babu yake alikuwa mtawala wa Kilole katika ukoo wa Wakilindi. Baba yake, Hugh Kayamba, alilelewa na misheni, akasoma Kiungani, kisha akapelekwa Uingereza kwa masomo wakati ambapo vijana wa Kiafrika waliopata nafasi hiyo walihesabika kwa vidole. Martin naye alisoma Kiungani, chuo kilichowapa UMCA walimu na mapadre wake wa Kiafrika. Yeye hakuufuata upadre. Alikwenda Mombasa kutafuta kazi ya ukarani, akatumika katika serikali ya Kenya, akafika hata Uganda. Kiingereza chake kilikuwa safi, mwandiko wake mzuri, na hesabu zake za kuaminika. Mambo hayo matatu ndiyo yaliyoongoza maisha yake yote.

Vita Kuu ya Kwanza ilimkuta katika ardhi ya Wajerumani. Novemba 1914 majeshi ya Uingereza, wengi wao askari kutoka India, yalishuka Tanga yakashindwa vibaya na jeshi dogo la von Lettow-Vorbeck. Tangu hapo kila aliyesoma kwa Waingereza alitazamwa kama mpelelezi. Walimu na mapadre wa UMCA walikamatwa, na Kayamba akawa miongoni mwa waliofungwa. Hakupata uhuru mpaka Septemba 1916, Wabelgiji walipoiteka Tabora. Inafaa kukumbuka kwamba gurudumu hilo liliendelea kuzunguka. Ilipofika mwaka 1920, wamishenari wa Kijerumani ndio walioondolewa nchini, na sharika za Kilutheri zikabaki mikononi mwa walimu na wazee Waafrika mpaka waliporuhusiwa kurudi mwaka 1925. Kwa hiyo Waanglikana na Walutheri wa pwani hii walionja kikombe kimoja kwa zamu, ingawa wakati ule ni wachache waliolitazama jambo hilo hivyo.

Baada ya kufunguliwa, Kayamba aliajiriwa katika ofisi ya wilaya ya Tanga, na kufikia mwaka 1923 alikuwa karani mkuu. Kwa Mwafrika hicho kilikuwa cheo kisicho cha kawaida, maana kazi kama hizo zilikuwa za Wahindi, nao walilipwa zaidi. Ila heshima hiyo ilikuja pamoja na uchungu ambao watu wa mjini waliufahamu vizuri.

Wakati wa Wajerumani Tanga ilikuwa na shule ya serikali iliyosifika kuliko zote nchini. Ilianzishwa miaka ya 1890, na kwa kuwa haikuwa shule ya misheni, watoto wa Kiislamu waliingia bila wazazi wao kuogopa kwamba watabatizwa. Humo walitoka makarani, walimu na maakida waliotumwa sehemu nyingi za koloni. Gazeti la Kiongozi, lililosomwa na Waafrika waliojua kusoma mpaka bara, lilitoka katika shule hiyo. Watu hao walikuwa wasomi halisi, wenye Kiswahili kizuri cha herufi za Kirumi na mazoea ya kazi. Kisha utawala ukabadilika. Waingereza walitaka barua za Kiingereza na mkalimani anayekijua Kiingereza, na waliokijua walikuwa vijana wa Kiungani, Wakristo. Mtu aliyekuwa akiheshimiwa bomani mwaka 1913 alijikuta mwaka 1918 akimwamkia kijana wa misheni aliyeketi mahali pake. Tofauti ya lugha na shule iligeuka kwa urahisi kuwa tofauti ya dini, na hilo ndilo lililokuwa la hatari. Kayamba alikuwa miongoni mwa walionufaika na mabadiliko hayo. Angeweza kukaa kimya akala mshahara wake.

Machi 1922 alianzisha mjini Tanga Chama cha Watumishi Waafrika wa Serikali ya Tanganyika. Uzito wa tendo hilo haukuwa katika jina refu la chama, ulikuwa katika watu walioingia ndani yake. Wahitimu wa Kiungani na wahitimu wa shule ya serikali ya Tanga, Wakristo na Waislamu, Wabondei na Wadigo na wageni wa bara, walikuwa wanachama wa chama kimoja. Walikuwa na mahali pa kukutania, magazeti ya kusoma, masomo ya jioni kwa wale waliotaka kuongeza elimu, na timu ya mpira. Mambo haya leo yanaonekana madogo. Wakati ule Wazungu walikuwa na klabu yao na Wahindi walikuwa na jumuiya zao, na karani wa Kiafrika alipotoka kazini hakuwa na mahali pa kuketi akiwa mtu mwenye elimu na heshima.

Si kwamba Waafrika wa pwani hawakuwa na vyama vya udugu. Walikuwa navyo, tena vyenye nguvu. Ngoma za beni, Marini na Arinoti, zilienea tangu mwisho wa karne ya 19 kutoka pwani ya Kenya mpaka Tanganyika nzima. Zilikuwa na vyeo vyao, mavazi yao na gwaride lao. Mtu alipougua au kufiwa, wenzake wa beni ndio waliomfuata kwanza. Mgeni aliyefika mji asiojulikana alipokewa na watu wa ngoma yake kama ndugu. Viongozi wa Kanisa mara nyingi waliona katika beni pombe, majivuno na fujo tu, na serikali iliona uwezekano wa uasi. Wote wawili hawakuona vya kutosha ule udugu uliokuwa chini ya tarumbeta. Hata hivyo, beni ilikuwa udugu wa kushindana: Marini alikuwa Marini kwa sababu hakuwa Arinoti. Chama cha Kayamba kilikuwa cha aina nyingine. Kiliwaita pamoja watu ambao mji ulikuwa umeanza kuwatenga, bila kumpa yeyote kati yao adui wa kushindana naye.

Hakikuwa chama cha siasa, na hapa ndipo sifa na lawama za Kayamba zinapokutana. Alipotaka jambo aliliomba kwa barua ya adabu, kupitia kwa mkubwa wake. Aliwaamini watawala kwa kiasi ambacho wengi wa baadaye walikiona kuwa kimezidi. Aliamini pia mamlaka ya machifu, wakati ule ambapo Gavana Cameron, tangu mwaka 1925, alikuwa akiijenga serikali ya wenyeji juu ya machifu hao na kuwaacha wasomi wa mijini bila sauti. Baraza la kutunga sheria lilipofunguliwa mwaka 1926 halikuwa na Mwafrika hata mmoja. Kayamba hakupiga kelele. Baadhi ya walioandika juu yake wamemwita mtu wa Waingereza, nao wana hoja. Lakini hakuna aliyeweza kuonyesha kwamba alitumia nafasi yake kuwatenga wale aliowapita.

Mwaka 1931 Tanganyika ilihitaji sauti ya Kiafrika London. Kamati ya pamoja ya mabunge mawili ya Uingereza ilikuwa ikichunguza kama Kenya, Uganda na Tanganyika ziunganishwe. Kwa masetla wa Kenya lilikuwa jambo la kuvutia, na kwa Waafrika wa Tanganyika lilikuwa tishio, maana walijua hali ya ardhi ya wenzao upande wa pili wa mpaka. Tanganyika ilituma watu watatu: Chifu Makwaia kutoka Usukuma, Francis Lwamgira wa Bukoba, na Martin Kayamba wa Tanga. Wawili walitoka upande wa tawala za jadi. Yeye alikuwa karani. Huko walikutana na wajumbe wa majirani, akiwemo Chifu Koinange wa Kenya na Serwano Kulubya wa Buganda. Ushahidi wa Waafrika kwa jumla ulipinga muungano huo, na kamati haikuupitisha. Aliporudi Kayamba aliandika kwa Kiswahili kitabu cha safari hiyo, Tulivyoona na Tulivyofanya Uingereza, kilichotoka mwaka 1932, ili hata asiyewahi kuvuka bahari ajue yaliyotendeka kwa jina lake.

Baada ya safari hiyo alihamishiwa makao makuu ya serikali Dar es Salaam, akashika nafasi ya juu kuliko Mwafrika mwingine yeyote katika utumishi, na akatunukiwa nishani ya MBE. Masimulizi ya maisha yake yaliingia katika kitabu cha Margery Perham kuhusu Waafrika kumi, kilichochapishwa mwaka 1936. Kwa nje hiyo ilikuwa taji ya mafanikio. Kwa ndani mambo yalikuwa mengine. Karani aliyekuwa mtu wa watu Tanga alikuwa sasa mtu mmoja katika jengo la Wazungu, mbali na chumba kile cha magazeti. Alistaafu mwaka 1938, na hakuishi miaka mingi baada ya hapo.

Chama chake kilikuwa kimekwisha kumtangulia kubadilika. Matawi yalikuwa yamefunguliwa nje ya Tanga, likiwemo la Dar es Salaam. Mwaka 1929 makarani na watu wengine wa mji huo, Kleist Sykes akiwa mmoja wao, walianzisha African Association, ambayo haikuwa ya watumishi wa serikali peke yao, nayo ikamkusanya Mwislamu na Mkristo kama ilivyokuwa Tanga. Mwaka 1945 Waafrika wa kwanza waliingia Baraza la kutunga sheria, na mmoja wao alikuwa Kidaha, mtoto wa yule Chifu Makwaia aliyesafiri na Kayamba. Mwaka 1948 kilitoka kitabu cha Kayamba, African Problems, mwenyewe akiwa amekwisha kufariki. Humo karani mtiifu anazungumza kwa uzito ambao barua zake za bomani hazikuuonyesha, akieleza jinsi Waafrika walivyoachwa nyuma katika nchi yao. Mwaka huohuo African Association ya bara ilichukua jina la Tanganyika African Association, na tarehe 7 Julai 1954 wanachama wake wakaibadilisha kuwa TANU.